Kupoza Ndoo ya Bia Malindi: Barafu, Friji ya Mtumba, Friza au Chila?

Tembo la mnazi halihitaji friji. Hugemwa alfajiri, asubuhi bado ni tamu, jioni limeshakuwa kali, na likilala linaelekea kuwa siki. Bia ya kimea mwenendo wake ni mwingine. Hukaa ndani ya ndoo wiki mbili, na siku tatu za mwanzo ndizo zinazoamua sehemu kubwa ya ladha yake. Joto likizidi siku hizo, hamira hutoa pombe nzito zenye harufu ya rangi ya kucha na ukali unaochoma koo, na ukali huo haupozwi kwa kuiweka chupa kwenye baridi wala kwa kuiacha ikae miezi.

Kwa hiyo kifaa cha kupozea ndicho cha kufikiria mapema, hata kabla ya sufuria kubwa. Na kwa Malindi jibu lake si lile wanalopewa watu wa nchi za baridi. Huko wanahangaika na mikanda ya kuipasha ndoo joto. Huku tunapambana na fukuto.

Hesabu ya joto

Chukua lita 20 za maji ya kimea zinazosoma 1.050 kwenye haidromita, kile kipimo cha sukari kinachoelea. Hamira ikimaliza kula sukari yake itakuwa imetoa joto la takriban kilojuli 1,000. Lau joto hilo lingebaki lote ndani, bia ingepanda digrii 11 au 12. Halibaki lote, huvuja kupitia ubavuni mwa ndoo, lakini siku ya pili, povu likiwa juu, katikati ya ndoo huwa na digrii 3 hadi 5 zaidi ya hewa ya chumbani. Chumba cha digrii 30 mwezi wa Machi, kaskazi ikiishia, maana yake ni bia ya digrii 33 au zaidi. Hamira ya kawaida kama SafAle US-05 imewekewa na watengenezaji wake digrii 18 hadi 26. Ya laga kama SafLager W-34/70 imewekewa 12 hadi 18.

Kifaa chochote utakachonunua kina kazi mbili: kuondoa joto la hamira, na kuzuia joto la chumba lisiingie. Watu huiwaza ile ya kwanza tu. Joto la hamira hata likiwa kileleni ni wati 6 au 7 hivi. Ndoo iliyosimama wazi ndani ya beseni la maji ya digrii 20, katika chumba cha digrii 30, inaingiza wati 60 kutoka hewani. Mara tisa au kumi ya lile la hamira! Ndiyo maana hapa Pwani sanduku lililozibwa vizuri lina faida kuliko rundo la barafu.

Kubadilisha hamira badala ya kununua kifaa

Njia hii inastahili kuangaliwa kwanza kwa sababu haitumii stima hata kidogo. Kuna hamira za mashambani za Norwe zinazoitwa kveik. Iliyo maarufu kati yake, Voss, hufanya kazi vizuri kati ya digrii 35 na 40, na yaweza kumaliza kazi kwa siku nne au tano. Ladha yake ina uchungwachungwa. Malindi ya Februari ni makazi yake hasa. Julai, kusi ikivuma na usiku ukishuka hadi digrii 22, hata hiyo itataka kuvishwa blanketi.

Nyingine ni hamira za bia ya saison ya Ubelgiji, kama Belle Saison, inayovumilia hadi digrii 35 na kutoa ladha ya pilipili manga. Hii ina hatari yake. Hula hata sukari ngumu ambazo hamira nyingine huziacha, na huendelea polepole baada ya povu kutulia. Ukiijaza kwenye chupa mapema, chupa zitapasuka. Pima kwa haidromita, ngoja siku tatu, pima tena: namba isipobadilika ndipo ujaze. Na vifaa vya plastiki vilivyopitiwa nayo, mipira hasa, viwekwe mbali na bia nyingine, kwani mabaki yake kidogo tu yataendelea kula humo pia.

Ikiwa unazipenda ladha hizo mbili, weka pesa zako mfukoni. Ikiwa unataka bia safi isiyo na harufu za matunda, au laga, endelea kusoma.

Kitambaa chenye maji na feni

Kila nyumba ya zamani hapa inaujua mtungi: unatoa jasho, jasho linakauka, maji ya ndani yanapoa. Kufunika ndoo kwa fulana iliyolowa, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji, na feni ikiipuliza, ni mtungi huohuo. Tatizo ni hewa yetu. Hewa ya digrii 30 yenye unyevu wa asilimia 75 haiwezi kukupoza chini ya digrii 26 kwa njia hii, hata feni iwe kubwa vipi. Mpwani anayeona nguo zake zimeanikwa kutwa na bado zina ubichi hana haja ya kuambiwa sababu.

Ongeza joto la hamira, na mwezi wa Machi utabaki na bia ya digrii 28. Haitoshi kwa US-05. Ila Julai na Agosti, hewa ikiwa 25 kwa wastani, utaifikisha bia kwenye 23 au 24, na hapo US-05 inafanya kazi bila manung'uniko. Kwa anayetengeneza bia mara mbili kwa mwaka, na yuko tayari kungoja kusi, fulana na feni vinatosha. Badilisha maji ya beseni kila siku mbili, la sivyo fulana itaota ukungu na mbu watataga.

Sanduku la barafu

Hiki ndicho kifaa cha bei nafuu kinachofanya kazi mwaka mzima, kwa sharti la kulitengeneza sanduku sawasawa.

Tumia bao za stairofomu za unene wa sentimita 5. Tengeneza sanduku lenye nafasi ya ndani ya sentimita 50 kwa 50, kimo 80, mlango ukiwa mbele ili usiinue ndoo ya kilo 23 kuipitisha juu. Gundi ya viatu usiitumie: inaila stairofomu ikabaki shimo. Gundi nyeupe ya mbao inashika vizuri, ukipigilia vijiti vya mishikaki kwenye kona hadi ikauke. Kila mshono uzibe kwa silikoni au tepu pana, na mlango uwekee ukanda wa sponji pande zote nne. Mlango usioziba ndio unaoua masanduku haya. Hewa yenye unyevu inaingia, inageuka maji juu ya barafu, na kila tone linaloganda hapo limeleta joto lake ndani.

Chupa ya lita 1.5 iliyoganda vizuri hubeba joto la kilojuli 600 na ushei hadi iyeyuke na kufika digrii 18. Sanduku la vipimo vile, ndani 20 na nje 31, linaingiza kama kilojuli 1,400 kwa siku. Ongeza za hamira siku ya kilele, 500 hivi. Jumla ni chupa tatu kwa siku kwa siku tatu za mwanzo, kisha mbili. Ndoo ileile katika beseni lisilozibwa ingekula chupa nane au tisa kila siku, na hakuna friji ya kawaida ya nyumbani inayoweza kugandisha chupa tisa kwa siku. Hapo ndipo wengi hukata tamaa siku ya pili, siku mbaya kuliko zote ya kukata tamaa.

Utahitaji chupa sita: tatu ndani, tatu zinaganda. Usizijaze hadi shingoni, maji yakiganda huongezeka karibu sehemu moja ya kumi. Asubuhi na usiku badilisha, usingoje ziyeyuke zote. Ziegemeze kwenye kuta za sanduku zisiiguse ndoo, ama upande mmoja wa bia utapoa sana na hamira ya upande huo italala chini.

Barafu ya wavuvi nayo ni nzuri ukiishi karibu na pwani ya kushushia samaki. Bonge la kilo 10 linashikilia sanduku kama hili siku mbili na zaidi. Si barafu safi lakini. Ifunge ndani ya mfuko mzito, iweke kwenye beseni lake, na maji yake yasije yakagusa mfuniko wa ndoo wala kizibo cha hewa.

Kasoro ya sanduku ni kwamba linakufunga. Ukienda Mombasa kwa siku mbili katikati ya kilele, bia imekwenda. Pia halifiki joto la laga bila kazi ya punda: kushikilia digrii 12 badala ya 20 kunakaribia kuongeza maradufu barafu utakayotumia.

Friji ya mtumba na kidhibiti joto

Kwa mtu anayetengeneza bia kila mwezi hakuna kinachoishinda hii, na ndiyo tunayoipendekeza kwa wengi. Friji peke yake haifai, kwa sababu kidhibiti chake cha ndani kimetengenezwa kwa digrii 2 hadi 8. Unaongeza kidhibiti cha nje kinachowasha na kuzima friji nzima kulingana na joto la bia.

Anza kwa kupima. Ndoo ya lita 30 ina upana wa sentimita 33 hivi penye mfuniko, na kimo chake pamoja na kizibo cha hewa hukaribia 60. Pima ya kwako, kata duara la kadibodi la upana huo, nenda nalo kwa muuzaji, lilaze ndani ya friji na ufunge mlango. Rafu za mlangoni ndizo zinazodanganya. Friji inaonekana pana, kisha rafu ya chupa inasukuma ndoo nje kwa sentimita 4. Angalia pia kile kidaraja cha chini nyuma, juu ya kompresa. Ikibidi ndoo ikae juu yake, kimo kimepungua.

Chagua friji ya mlango mmoja inayogandisha barafu ukutani, isiyo na feni. Zile zinazojiyeyushia barafu zenyewe nyingi huwa na saa ya ndani inayohesabu muda, na kidhibiti chako kikiikatia stima kila mara, saa hiyo hupoteza hesabu. Hewa ya chumvi nayo ina neno lake. Geuza friji, angalia mabomba ya nyuma na maungio ya kompresa. Kutu inayobanduka vipande ukiikwaruza kwa ukucha ni gesi itakayovuja kabla ya mwaka kwisha. Soma pia kibandiko cha kompresa: kikiandikwa R600a, hiyo ni gesi inayowaka, kwa hiyo kidhibiti na maungio yote ya waya yakae nje.

Usitoboe ubavu wa friji ili kupitisha waya. Friji nyingi zina mabomba ya gesi ndani ya kuta. Waya wa kihisio, kile kidude cha kidhibiti kinachopima joto, ni mwembamba, unapita kwenye mpira wa mlango upande wa bawaba bila kuleta mwanya.

Vidhibiti viwili ndivyo vinavyotajwa sana. Inkbird ITC-308 huja tayari na soketi zake. Unachomeka friji, unachomeka kidhibiti ukutani, umemaliza. Hakikisha ni ya volti 220 na kuendelea, yenye plagi ya pini tatu kama zetu. STC-1000 ni rahisi zaidi kwa bei lakini huja kama kidude kitupu cha kuungwa waya. Mahali pa 1 na 2 ni stima yake yenyewe, 3 na 4 ni kihisio, 5 na 6 ni kupasha joto, 7 na 8 ni kupoza. Wengi hukosea hapa: 7 na 8 hazitoi stima, ni swichi tu. Waya wa moto unaoingia 1 lazima urushiwe kipande hadi 7, kisha 8 ndiyo iende kwenye soketi ya friji. Athi inapita moja kwa moja hadi kwenye soketi. Kiwekwe ndani ya boksi la plastiki, na kama hujawahi kushika kazi ya waya mpe fundi wa stima, kazi ya nusu saa. Nafasi ya 5 na 6 iache wazi, Malindi huna cha kupasha.

Mipangilio ya STC-1000: F1 ndiyo joto unalotaka, weka 19 kwa US-05. F2 ni tofauti inayoruhusiwa, 0.5 inatosha. F3 ni dakika za kuipumzisha kompresa kati ya kuzima na kuwasha. Hutoka kiwandani ikiwa 3, iongeze iwe 5 au zaidi. Kidhibiti cha friji yenyewe kizungushe hadi kwenye baridi kali kabisa ili kisigombane na cha nje.

Kihisio ndicho roho ya mtambo. Kikining'inia hewani, hewa ya ndani itapoa kwa dakika chache, friji itazima, bia bado ni 24, na kompresa itakuwa inawaka na kuzima kutwa hadi ife. Kibandike ubavuni mwa ndoo, usawa wa katikati ya bia, kifunike kwa kipande cha sponji cha unene wa sentimita 3 ukubwa wa kiganja, kisha zungusha tepu. Sponji ndiyo inayokifanya kisome bia badala ya hewa. Siku ya tatu ukifungua mlango, gusa tepu: unyevu wa ndani huilegeza, na kihisio kilichoanguka chini kitakupa namba nzuri ya uongo.

Stima haili sana, takriban nusu yuniti hadi yuniti moja kwa siku kwa friji ndogo. Piga hesabu kwa bei ya tokeni zako. Stima ikikatika, mlango ukiwa umefungwa, bia iliyo kileleni itapanda digrii moja kwa saa. Weka chupa mbili za barafu ndani ya friji, chini, siku hizo tatu za kilele na utapata zaidi ya saa kumi za amani. Na gadi ya friji usiikose, maana stima inayorudi kwa kishindo inaua kompresa na kidhibiti kwa pamoja.

Friza ya kulala

Inaziba joto vizuri kuliko friji, na ya lita 300 kwa kawaida inachukua ndoo mbili. Inafika joto la laga bila kutoa jasho. Lakini jasho lenyewe inalo. Haina tundu na kisahani cha kukaushia maji kama friji, kwa hiyo kila ukifungua, unyevu wa Pwani unashuka ndani na kubaki. Baada ya mwezi utakuta kidimbwi chini, ukungu kwenye pembe na kutu kwenye maungio. Weka kopo la chumvi ya kunyonya unyevu (kloridi ya kalisi), limwage likijaa, na pangusa kuta kwa siki kila baada ya bia.

Kuinua kilo 23 juu ya ukuta wa kimo cha kiuno na kuzishusha ndani polepole ni kazi ya watu wawili. Afadhali kuweka ndoo tupu ndani na kuijaza humo kwa mpira.

Kuna hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Lita 20 za bia hutoa zaidi ya lita 400 za gesi ya kaboni, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Katika friji humwagika chini ukifungua mlango. Katika friza ya kulala hutuama humo kama maji kisimani. Usiingize kichwa papo hapo. Fungua, peperusha kwa kipande cha kadibodi, ngoja dakika chache, na mtoto asitumwe kuchukua kitu humo.

Friza ina nguvu, na ikizimwa huendelea kupoa kidogo. Weka F2 iwe 1.0.

Vipoozi vya Peltier na kiyoyozi cha chumba

Vipoozi vidogo vya Peltier, vibao vya stima vyenye upande wa baridi na upande wa moto, vinavutia kwa sababu havina kompresa wala kelele nyingi. Kimoja hula wati 60 hivi saa zote, sawa na yuniti 1.4 kwa siku, kutoa joto ambalo friji ingelitoa kwa nusu ya stima hiyo. Kazi yake hupungua kadiri chumba kinavyozidi joto, na vifeni vyake huliwa na chumvi. Vinafaa mahali pa baridi, si hapa.

Kiyoyozi kinaeleweka tu ikiwa tayari kinawaka usiku na mchana kwa sababu nyingine. Kuwasha cha BTU 9,000 kwa ajili ya ndoo moja ni kupoza nyumba ili kupoza sufuria.

Chila ya glaikoli

Hii huzungusha maji baridi yenye glaikoli, dawa inayozuia maji yasigande, ndani ya koili iliyozamishwa katika bia. Inafaa mwenye matangi ya chuma cha pua matatu au zaidi, kila moja likitaka joto lake. Kwa ndoo moja ni gharama isiyo na sababu.

Ukiinunua, jua kwamba nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko kwa kawaida imepimwa mahali penye ubaridi zaidi ya Malindi. Nunua inayozidi hesabu yako, iweke kivulini penye upepo. Kiwango cha umande wetu kiko karibu na digrii 25, kwa hiyo bomba lolote la baridi zaidi ya hapo litatiririka maji. Mipira yote ivishwe sponji, na tangi lisilo na koti litalowesha sakafu kila siku. Glaikoli iwe propilini ya kiwango cha chakula, kama theluthi moja kwa maji. Dawa ya rejeta ya gari ina glaikoli ya ethilini, ambayo ni sumu, na tundu dogo la koili linatosha kuifikisha kwenye bia.

Saa ya kutia hamira

Kifaa chochote utakachochagua kitaanza kazi kikiwa nyuma. Maji ya mfereji hapa ni digrii 28 hivi, na ya tangi la juu mchana huzidi hapo, kwa hiyo koili ya kupozea itakufikisha 31 na kukwama. Usitie hamira hapo kwa matumaini kwamba friji itaiwahi. Haitaiwahi. Funga ndoo iliyotakaswa, iache ndani ya friji usiku kucha, tia hamira asubuhi bia ikisoma 18. Kwa sanduku la barafu, usiku huo weka chupa nne badala ya mbili.

Na usiku huohuo, ndoo ikingoja, jaribu kihisio. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji hadi yafunike barafu, koroga, zamisha kihisio dakika tano bila kugusa glasi. Kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 1.2, ingia F4 uweke -1.2, kisha kibandike ndooni.